Karatasi Haiitiki

Wewe unayesoma, nina ombi moja kabla sijaanza. Usikae kama mtu anayetazama picha ukutani. Kaa kama uko barzani kwangu, kiti chako kimenielekea, na kila nikifika mwisho wa jambo nikatua, sema "ee". Hata kimoyomoyo inatosha. Sitakusikia, lakini nitaandika nikiamini umesema. Nimefundisha watu kuandika kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na mpaka leo siwezi kumaliza ukurasa bila kuomba hivyo. Ukifika mwisho utajua sababu.

Wiki iliyopita tulimzika Mama Sifa, hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa. Mwaka mmoja wa vita ya pili ya nchi yetu alinipangisha chumba, nikiwa mwalimu kijana wa Kiingereza, na mtu akiniuliza kazi hii nilijifunzia wapi, sitaji chuo, nataja barza ya nyumba yake. Nilifika kilioni mapema, nikaketi upande wa bamama waliokuwa wakichambua sombe ya kupikia wageni. Wewe kama umewahi kutwanga majani ya muhogo unajua harufu yake, ile ya kijani inayopanda puani kabla chungu hakijaona moto. Harufu hiyo ilinichukua bila kuniuliza, ikanirudisha kwenye chumba changu cha zamani, na wakati bamama wanazungumza juu ya chumvi na mawese, mimi nilikuwa nimeshaondoka.

Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda cha mbao, meza niliyoiokoa shuleni, na dirisha la ubao lililotazama jikoni. Madawati mengine yote ya shule yalikuwa yamekwisha kuwa kuni za askari walioshika mji. Walimu wenzangu waliondoka mmoja mmoja kwenda Kazimia kutafuta mtumbwi wa kuwavusha ziwa mpaka Kigoma, na prefe, yaani mkuu wa shule yetu, aliniachia ufunguo wa stoo ya vitabu akaniambia, "Wabiwa, bakia kidogo, tutarudi." Nikabaki na ufunguo. Asubuhi nilikwenda sokoni hata siku ambazo sikuwa na cha kununua, ili tu nisikie mtu akiniuliza, "Madamu, unatafuta nini?" Nikishaulizwa nilishukuru, nikageuka, nikarudi. Mchana nilifungua stoo, nikawafukuza mchwa, nikasoma kwa sauti kurasa za vitabu vya Kiingereza mbele ya rafu, kisha nikafunga. Sauti yangu ilinitisha, jinsi ilivyotoka na kutopokewa na kitu chochote.

Mama Sifa hakuwa msaada katika hilo, wala sikumlaumu. Sifa mwenyewe, binti yake, alikuwa amevuka ziwa na wajukuu wote. Mwanawe wa mwisho alikuwa ameuawa katika njia ya Lulimba, na waliomletea habari walisema waliomuua ni watu wa juu, wa milimani kule kwa wafugaji. Tangu siku hiyo mama yule alibakiwa na salamu tu. Alinisalimu asubuhi, akanisalimu jioni, akapika. Alinisogezea sahani ya bugali na sombe kwenye ubao wa dirisha langu, kisha akarudi kula jikoni peke yake. Tulikula chakula kimoja kutoka chungu kimoja, huku ukuta uko katikati, kila mmoja akimsikia mwenzake akitafuna.

Kisha zikaja habari za ng'ambo. Shule moja ya wauguzi upande wa pili wa ziwa ingepokea vijana wachache wa pwani yetu. Mwalimu wao angekuja kwa boti, awaketishe wanaotaka, na kila mmoja aandike mbele yake ukurasa wa Kiingereza: wewe ni nani, na kwa nini unataka kuuguza watu. Atakayepita ataondoka naye, apate chakula, kitanda na masomo. Hebu fikiri maana ya habari hiyo katika mji ambao kijana alikuwa na njia mbili tu, kushika bunduki au kujificha ili wenye bunduki wasimwone. Vijana walinijia. Nikamwomba Mama Sifa barza yake, akatikisa kichwa kukubali, nikatoa stoo ubao mdogo na chaki.

Pamoja na vijana alikuja mtu mzima mmoja, Papa Asukulu, muuza samaki wa Kazimia aliyekwama Baraka tangu mtumbwi wake ulipochukuliwa na wenye silaha. Uuguzi haukuwa shida yake. Alitaka Kiingereza ili siku moja aandike mashtaka ya mtumbwi wake akayapeleke mahali ambapo, kama alivyosema, "bongo ya Kifaransa haiyafika," yaani uongo wake haujafika. Alikuwa mchekeshaji wetu, na ndiye aliyenifundisha jambo ambalo sikulikuta katika kitabu cha ufundishaji.

Nilikuwa nimewaambia waandike juu ya siku moja waliyoikumbuka. Kila mmoja aliandika sentensi moja, akainua uso, akatulia. Nikadhani wamekosa maneno. Nikajaza ubao maneno: ziwa, mvua, kukimbia, shangazi, mzigo. Wakaandika sentensi moja, nzuri kuliko ya kwanza, wakainua uso tena. Siku kadhaa zilikwenda hivyo. Nilianza kuamini kwamba mimi ni mwalimu mbaya.

"Papa Asukulu," nikamwambia, "mbona umeacha?"

"Siyaacha, Madamu. Mi nangojea."

"Unangojea nini?"

"Mi nilishasema." Akagonga karatasi kwa kidole. "Sasa nani anaitika?"

Wenzake hawakucheka. Walinitazama kama watu ambao swali lao limeulizwa hatimaye. Nami niliyezaliwa katika ardhi hiyohiyo nikaona nilichokuwa nimekisahau kwa kusoma sana. Kwetu, katika lubunga ambamo wazee hukaa kuzungumza mambo, mtu hasemi mfululizo kama maji ya mto. Anasema neno, anatua. Aliyeteuliwa kumwitikia anasema "ee", ndipo msemaji anaongeza. Asipoitikiwa, maana yake watu wamelikataa neno lake, na mwenye adabu anaketi. Wanafunzi wangu walikuwa na adabu. Kila mmoja alisema neno lake, akaikuta karatasi imenyamaza, akaketi.

Basi nikawapanga wawili wawili, magoti kwa magoti. Mmoja aandike sentensi, aisome kwa sauti kwa mwenzake, na angojee. Mwenzake akielewa na kuridhika aseme "ee". Asipoelewa anyamaze tu, na mwandishi ajue kwamba pana tundu hapo, aongeze mpaka lizibe. Barza ile ilibadilika. Kurasa zilijaa. Wale waliokuwa na sentensi moja waliandika juu ya mvua iliyowakuta Ubwari ndani ya mtumbwi, shangazi aliyekimbia na mashine yake ya cherehani kichwani, mbuzi aliyepigiwa simulizi ndefu kuliko binadamu. Makosa yalikuwa tele, nami sikuyagusa mpaka ukurasa ukamilike. Nakwambia wewe pia kama unafundisha: usiguse kosa la mtu ambaye bado anasema.

Lakini mtu mmoja hakuwa na mwenzake. Jina lake Esteri. Alikuwa mrefu, mkimya, na alivaa koti la mvua la kiume hata kwenye jua kali. Alikuwa ameteremka kutoka milimani kuja kusoma, vita ikafunga njia nyuma yake, na kanisa moja likampa pembe ya chumba walichowekea viti. Alisema Kinyarwanda na mama yake, na mama yake alikuwa juu kule, mgonjwa wa mguu. Askari walioshika mji, watu waliwaita ndugu zake. Hakuwa na ndugu hata mmoja kati yao, lakini katika miaka ile nani alikuwa akiuliza?

Nilimpanga na Papa Asukulu, nikitegemea utani wake.

"Madamu, unanipa huyu?" akasema. "Mi samaki, yeye maziwa. Bikichanganyika, tumbo inauma."

Barza yote ikacheka. Esteri naye akatabasamu, ila mkono wake ulifunika karatasi. Nikajaribu wengine. Mmoja alisema ana homa, mwingine akahamisha kiti bila kusema kitu. Mwishowe niliketi mbele yake mimi mwenyewe. Haikufaa. Mwalimu hata akisema "ee", macho yake yanatafuta makosa, na aliye mbele yake anayaona. Esteri aliniandikia sentensi safi, zilizonyooka, na ndani yake hamkuwa na mtu. Zilikuwa kama nyumba iliyofagiliwa kwa sababu wenyewe wamehama. Nilijua yule mwalimu wa ng'ambo akisoma ukurasa kama huo ataufunika na kuchukua unaofuata, na msichana huyu atarudi kwenye pembe yake ya viti, katika mji ambao siku yoyote ungeweza kumgeukia.

Akaanza kuja mapema, kabla ya wengine, labda ili asione viti vikihamishwa. Nilikuwa nikifuta ubao asubuhi moja alipoandika sentensi, akaisoma taratibu kwa Kiingereza, akatulia. Kimya. Akaisoma tena. Kimya.

"Ee," ikasema sauti kutoka jikoni.

Tuligeuka sote wawili. Mama Sifa alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko anamenya mihogo, uso ameuinamisha kwenye beseni.

"Musinitazame," akasema, akizungusha kisu kuonyesha ua wake. "Mu lupango yangu muntu hasemake peke yake. Inaitaka mukosi."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyonipa kwa miezi. Nikaendelea kufuta ubao uliokwisha kuwa safi. Esteri akaandika ya pili, akaisoma.

"Ee. Ongeza."

Ikawa hivyo kila asubuhi. Mama Sifa hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Aliitikia kwa sababu lugha yoyote iliyotua mbele ya mlango wake ilistahili kupokewa, na sidhani siku zile za kwanza ilikuwa zaidi ya hapo. Hakumkaribisha kukaa jikoni. Hakumuuliza jina. Lakini ukurasa wa Esteri ukaanza kuwa na watu: baba yake aliyekufa kwa kidonda kidogo ambacho hakuna aliyejua kukifunga, mama yake akijikanda mguu kwa majani ya moto, ng'ombe mmoja aliyekataa kuondoka na kundi. Nilisikiliza nikiwa nimewapa mgongo, na nakiri niliwaonea wivu.

Kisha asubuhi moja akasoma mwanzo mpya aliouweka juu kabisa ya ukurasa, na jikoni hapakutoka kitu. Akasoma tena. Kisu kiliendelea kumenya.

"Mama, hamuyasikia?" Esteri akauliza kwa Kiswahili.

"Mi nimesikia. Kizungu sijue, lakini Baraka najua. Umesema Baraka. Umesema nini?"

"Nimesema mi niko mutoto wa Baraka."

"Tangu lini?"

Esteri akainama. "Mama, nikiandika kwetu, batanikatala."

"Nani?"

"Bote."

"Basi mi siitike bongo," akasema Mama Sifa. "Sema kwenu."

Esteri akanitazama mimi. Sikuwa na uwezo wa kumwahidi kwamba hakuna atakayemkataa. Nilimweleza nilichokijua tu: ukurasa unafuata sentensi yake ya kwanza kama kondoo wanavyofuata aliyetangulia. Ukianza na mtu mwingine, baba atakayekufa katika mstari wa tatu atakuwa baba wa huyo mwingine, na mguu unaouma utakuwa wa mama wa huyo mwingine. Akafikiri. Akafuta kwa kalamu, akaandika, akasimama wima kama mtu anayetoa ushahidi, akasoma. Kati ya maneno yale ya Kiingereza jina moja la kule milimani lilitoka wazi: Minembwe.

Kisu kikasimama katikati ya muhogo. Nilimwona mama yule akilitazama beseni kana kwamba kuna mtu ndani yake. Kuku aliparua mchanga. Mbali, kwenye barabara ya Fizi, gari la askari lilipita, likaisha. Nilijua jina lile lilikuwa limemfikisha wapi: kwenye njia ya Lulimba, kwa kijana aliyelala uso chini. Ilikuwa haki yake kunyamaza. Kama angeingia ndani na kufunga mlango, hakuna mtu Baraka ambaye angemsema, na mimi nisingethubutu.

"Ee," akasema. Kisu kikaanza tena. "Ongeza."

Mwalimu wa ng'ambo alikuja mwanzoni mwa kiangazi, bwana mpole mwenye miwani. Tulimpa darasa moja la shule, lile lililobaki na paa, na vijana wakaandika juu ya magoti. Alisema kwa Kiswahili chake kilichopigwa pasi: "Naomba kimya kamili. Hakuna kuzungumza." Niliposikia hayo nilijua kilichokuwa kinawangoja. Esteri aliandika sentensi moja. Akainua uso.

Nje, chini ya dirisha, kinu kililia: du.

Akainama, akaandika. Akainua uso. Du. Nikatoka kuangalia. Mama Sifa alikuwa amebeba kinu chake na fungu la majani ya muhogo mpaka uwanja wa shule, na kutoka pale alipokisimika, kichwa cha Esteri kilionekana dirishani. Yule bwana akanifuata mlangoni. "Mwalimu, tafadhali mwombe yule mama apunguze kelele." Nikamfikishia ujumbe.

"Umwambie," akasema Mama Sifa bila kushusha mchi, "sombe haitwangwake kwa kunong'ona."

Bwana yule akacheka, akarudi ndani. Mtwangio ukaendelea, wa ajabu kweli, pigo moja na kungoja, pigo moja na kungoja. Sombe ile jioni ilikuwa na vijiti, tuliila hivyo hivyo.

Esteri alipita, akaitwa. Siku ya kuondoka, pwani ya Baraka, Mama Sifa alimpa bugali iliyofungwa kwenye jani na ndagala wakavu juu yake. "Najua kwenu hamukulake samaki," akasema. "Utajifunza. Kule hakuna ng'ombe ku boti." Esteri akavua lile koti la mvua, akamvika mama begani. Hawakukumbatiana. Boti ikaondoka, tukatazama mpaka ikawa punje, kisha tukarudi nyumbani, mimi nimetangulia na yeye nyuma, kimya kama zamani.

Barza ilibaki tupu. Vijana wengine walitawanyika, Papa Asukulu akarudi Kazimia kutafuta mtumbwi, na mimi nilikuwa na ufunguo wangu wa stoo. Nilidhani upweke ule utanimaliza. Lakini jioni hiyo sahani yangu haikuja dirishani. Mama Sifa aliingia chumbani na sahani zote mbili, akasukuma vitabu pembeni, akaketi mbele yangu. "Haya," akasema. "Sema." Nikamwambia tu kwamba siku ilikuwa na upepo. "Ee," akasema. "Ongeza."

Bamama wale kilioni walinigusa bega. Watu walikuwa wamesimama, ulikuwa wakati wa maneno ya mwisho. Walisema ndugu, akasema mchungaji. Kisha akasimama mwanamke mrefu mwenye mvi, aliyesafiri njia ndefu kufika, na minong'ono ikakimbia kwenye viti: yule wa Minembwe. Vita imekwisha na haijaisha kwetu. Watu bado wanahesabiana milima. Esteri akasema, "Huyu alikuwa mama yangu," akatua.

Hakuna aliyeitika. Niliwaona watu wakitazama miguu yao. Sanduku lilikuwa pale, na udongo, na neno lake likining'inia juu yake bila wa kulipokea. Nikafungua kinywa, lakini sauti ilitoka upande wa wanaume kabla yangu, ya kizee, ya mtu aliyepiga kelele juu ya maji maisha yake yote. Papa Asukulu alikuwa amejiinua kwa fimbo yake.

"Ee," akasema.

Akawageukia waliokaa karibu naye, akawaangalia mmoja mmoja mpaka nao wakasema. Kisha akamwelekea Esteri.

"Ongeza, mama."

Akaongeza. Alisema mpaka jua likasogea, na kila alipotua, tuliitika.

Kesho, kabla hujafanya kitu kingine, chukua karatasi na kalamu. Mtafute mtu, yeyote, ikiwezekana yule ambaye hakuna anayekaa naye, na uketi mbele yake goti kwa goti. Mwache yeye aandike. Akimaliza sentensi moja mwombe aisome kwa sauti. Sema "ee". Kisha ngojea.